Vibuyu Kwenye Jiwe la Mpaka

Wapendwa, sogeeni mbele kidogo, na nyie wa karibu na mlango msijifanye mna safari. Nina mfano.

Kulikuwa na kijiji kimoja mlimani, kwenye mpaka wa nchi mbili, kilichoishi kwa maji ya mfereji mmoja. Kila msimu watu walimchagua msimamizi wa mfereji, yule anayepanga zamu za maji. Walichagua hivi: vibuyu viwili ndani ya kibanda, kila mgombea na chake, kila mtu anaingia peke yake na punje ya hindi, anatumbukiza, anatoka. Siri yake na Mungu wake.

Msimamizi wa wakati huo, maji yake yaliishia kwa ndugu zake. Mjane mmoja mwenye shamba la mwisho kabisa huko bondeni, maharage yake yalikauka yakiwa bado na maua. Akagombea. Watu wa bondeni wote wakampa punje zao. Jioni kibuyu chake kikatoka chepesi! Nani alikipunguza? Kibanda kilikuwa na mlango wa nyuma, ndugu zangu.

Msimu uliofuata yule mama akawaita majirani wa ng'ambo ya mpaka, ambao nao huchagua vivyo hivyo, waje wakae mlangoni washuhudie. Msimamizi akawaka.

"Hawa wageni wanafuata nini? Vibuyu vyetu, mahindi yetu!"

"Baba," mama akamjibu, "siku unaoa si uliweka mashahidi? Kwani walikuja kuishi na mkeo?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akawafukuza wageni mpaka kwenye jiwe la mpaka, palepale karibu na kibanda. Wakavuka, wakakaa chini upande wao.

"Kwenu hatuingii kwa nguvu," mmoja wao akasema. "Lakini macho yetu hayapenyi ukuta; cha nje tutakiona."

Mnadhani watu walirudi nyumbani kulalamika? Thubutu! Waliingia kibandani, wakavitoa vibuyu, wakaviweka pembeni ya jiwe. Kina mama wakavua kanga za mabegani wakazifanya pazia, siri ikabaki siri. Ila mlango wa nyuma haukuwepo tena. Jioni kibuyu cha mjane kilitaka mikono miwili kukinyanyua.

Vijana wakataka kumfungia maji yule msimamizi wa zamani. Mama akakataa. "Shamba lake lina zamu kama lenu."

Ng'ambo nao walipokaribia kuchagua, wakaomba mashahidi. Mama akamtuma nani? Yuleyule!

"Mimi? Kwa nini mimi?"

"Nani anaijua milango ya nyuma kuliko wewe?"

Akaenda. Alipofika, kabla hata ya kusalimia watu, akazunguka kwanza nyuma ya kibanda.

Chekeni, chekeni tu, lakini mfano huu ni wetu. Tunapopiga kura, marafiki wa nchi nyingine huja kushuhudia, na wapo wanaotuambia ni aibu kutazamwa. Aibu ya nini? Anayeogopa jirani asione, muulizeni kibanda chake kina milango mingapi.

Jirani hatuchagulii, na akijaribu tutamwonyesha jiwe la mpaka. Lakini tumpe cha kutazama. Hakuna mgeni aliyebeba kibuyu siku ile. Walibeba wenye mashamba, na mimi kwa hilo naona fahari, siwafichi. Na majirani wakituita kesho, twende kifua mbele, hata yule wetu aliyewahi kukosea aende, kwa maana naye ana kazi huko.

Basi niwaulize, wapendwa: vibuyu vyetu viko wapi leo?

Viko nje, kwenye jiwe, peupe. Tulivitoa kwa mikono yetu. Atakayekuja kutuambia tuvirudishe ndani, na tumwombe kwanza atuonyeshe nyuma ya kibanda.