Deki ya Mihayo

Mtu mmoja alikuwa na sidii moja tu, na sidii ile haikuwa mali yake. Jina lake Mihayo, fundi wa lipu katika mji mmoja wa reli. Kuta za nusu ya mji ule zilikuwa zimepita mikononi mwake. Mkewe, Kalunde, alipojua kwamba hatapona, alimwita mpiga picha za video za harusi wa mtaani, akaketi kitandani, akajitanda kanga, akaomba watu wote watoke chumbani. Mihayo naye akatoka. Maneno yaliyosemwa mle ndani yalikuwa ya kumwachia binti yao Nyamizi, mtoto wa miezi minane, ambaye masikio anayo lakini maana bado hana. Kazi ilipokwisha, mpiga picha alitoa sidii moja, akaiweka mikononi mwa Mihayo, na Kalunde akamwambia mumewe, "Mpe atakapojua kusikia." Siku ya nne akafariki. Mpiga picha alihama mwaka uleule, akauza vyombo vyake na yote yaliyokuwa ndani yake, wala nakala ya pili haikuwapo popote chini ya jua.

Nawaomba msiharakishe kumhukumu Mihayo. Hakuwa mlevi, hakuwa mzembe, na baada ya Kalunde hakuoa tena. Aliitunza sidii ile kuliko alivyojitunza mwenyewe. Nyumba za jirani zilikuwa na deki za kuchezea sidii, na majirani walimkaribisha. Alikataa, akisema kwamba sauti ya marehemu haiwezi kuletwa mahali watu wanapotafuna bisi na kucheka. Basi akaweka akiba kidogo kidogo kwa miaka minne, na mtoto alipotimiza miaka minne na ushei, baba yake akaenda dukani kwa Hemedi, aliyekuwa akiuza vyombo vya umeme na kuvitengeneza. Hakuwa na uwezo wa kununua deki kubwa. Alikwenda kuchagua miongoni mwa zile za bei ndogo, na kuchagua katika vitu vya bei ndogo kunataka macho makali zaidi.

"Hii hapa, mzee wangu," Hemedi alisema, akiipapasa deki moja nyembamba kama kitabu. "Taa za buluu mbele, tundu la flashi, matundu mawili ya maiki. Jumamosi wewe na shemeji mnaimba mpaka majirani wahame."

"Shemeji yako hayupo. Alifariki."

Hemedi akaishusha deki ile taratibu. "Nisamehe, mzee. Basi tusiimbe." Akainama chini ya meza, akatoa nyingine, nyeusi, nzito, uso wake mtupu. "Hii haina madoido. Inasoma sidii, basi. Ila kusoma inajua."

Mihayo akaichagua ile, na alichagua vyema, hilo lisisahaulike. Aliipima uzito kwa mikono yote miwili, akaichunguza nyuma na chini, akauliza kama inahimili umeme unaopanda na kushuka, akauliza waya wake ni wa namna gani, akauliza kama itaingiliana na televisheni ya zamani yenye chogo. Hakuna alichosahau kuuliza. Hemedi akanyoosha mkono. "Lete sidii yako tuijaribu hapahapa, uondoke na moyo mweupe." Mihayo akaufunika mfuko wa shati lake kwa kiganja, akasema ile si ya kuchezwa dukani. Basi wakaijaribu kwa sidii ya nyimbo za harusi, ikaimba bila kukwama. "Garantii miezi sita," Hemedi alisema akiifunga kwenye boksi, "ila uicheze, mzee! Garantii haiulizi kama uliiwasha au uliitazama tu." Wateja wakacheka. Mihayo naye akacheka.

Akaifikisha nyumbani, akaiweka juu ya kabati la sebuleni, chini ya televisheni. Nailoni yake hakuivua, ili ibaki mpya. Dada yake, Kabula, aliyekuwa amehamia kwake kumlea mtoto, alifuma kitambaa cheupe chenye pindo nyekundu, kama vile vilivyokuwa vikifunika migongo ya viti, akaifunika deki hadi miguuni. Karatasi ya maelezo ilibaki ndani ya boksi. Karatasi ile iliagiza kwamba sidii ipanguswe mara chache, kwa kitambaa laini, kwa mstari ulionyooka kutoka katikati kwenda ukingoni. Iliagiza pia kwamba isipakwe kitu chochote. Mihayo hakuisoma, kwa kuwa hakuona haja. Nani afundishwe kupangusa kitu akipendacho?

Kila Jumamosi, baada ya kunawa saruji mikononi, aliketi mbele ya kabati. Aliondoa kitambaa, akachomeka waya, akaifunua nailoni kidogo upande wa mbele, akabonyeza kitufe, akatazama kidroo cha deki kikitoka kitupu na kurudi kitupu. Aliporidhika kwamba chombo ni kizima, alikizima. Kisha aliitoa sidii katika ganda lake. Aliipulizia pumzi, akaipangusa. Naye alikuwa fundi wa lipu. Mkono wake tangu ujana ulijua mwendo mmoja tu, ule wa kibao ukutani, wa kuzunguka na kuzunguka mpaka uso ulainike. Ndivyo alivyoipangusa. Mwaka wa pili akaona mkwaruzo mwembamba kama unywele, na Kabula akamwambia kile ambacho mtaa mzima ulikuwa ukikisema, kwamba dawa ya meno huondoa mikwaruzo. Akapaka dawa ya meno, akazungusha. Mkwaruzo ukafifia, ukazaa mingine midogo asiyoiona, naye akafurahi. Tangu siku ile hakukosa Jumamosi, na hakukosa dawa ya meno.

Nyamizi akakua. Alipoanza shule alimwomba baba yake amsikilizishe mama yake. Baba akamwambia, "Bado u mdogo, mama. Utalia." Alipofika darasa la saba aliomba tena, akaambiwa kwamba mtihani uko karibu, asiuvuruge moyo. Alipofaulu, akaambiwa amalize sekondari kwanza. Alipomaliza sekondari hakuomba. Alikuwa amejifunza kupita sebuleni bila kutazama kabati, kama mtu apitavyo mbele ya mlango wa mgonjwa. Kabula ndiye aliyesema, siku moja akichambua mchicha kizingitini: "Kaka, ulinunua deki au ulijenga kaburi? Maana makaburi nayo tunayafagia."

"Unajua uchungu wa jambo hili wewe?"

"Siujui. Ninachojua ni kwamba mtoto ana miaka kumi na minane, na hilo kabati linaheshimiwa kuliko yeye."

Mihayo akaingia ndani. Alikuwa na jibu, lakini si jibu ambalo mtu hulitoa kwa kinywa chake. Siku ile alipotolewa chumbani, alisimama ukumbini akasikia sauti ya mkewe nyuma ya mlango bila kusikia neno hata moja, na akatambua kwamba katika maneno ya mwisho ya Kalunde yeye hakuwamo. Kazi aliyoachiwa ilikuwa kulinda. Siku maneno yatakapomfikia mtoto, kazi hiyo itakwisha, na Kalunde atakuwa ameondoka kwa mara ya pili, safari hii bila kumwachia chochote cha kushika. Kwa sababu hiyo alilinda. Alilinda kwa uaminifu, akalinda kwa machozi, wala hakujua kwamba kila Jumamosi alikuwa akichukua kidogo, kwa mkono wake mwenyewe, kutoka katika kile alicholinda.

Nyamizi alipotimiza miaka ishirini akachumbiwa na kijana wa mji wa mbali, na siku ya kumuaga ikapangwa. Katika sherehe kama zile mama mzazi husimama mbele ya watu na kumpa binti neno lake, na binti hulipokea amepiga magoti. Mihayo akaona kwamba siku imefika. Asubuhi, wakati masufuria ya pilau yakiwa tayari mekoni na wanawake wakiimba uani, alimwita binti yake sebuleni, akafunga mlango, akakitoa kitambaa, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na sita akaichana nailoni. Akaweka sidii katika kidroo, kidroo kikaingia.

Deki ikatafuta kwa muda mrefu, ikikwaruza ndani kama kuku achakuraye. Kisha televisheni ikapata mwanga, na Kalunde akaonekana amekaa kitandani, kanga mabegani, mwembamba mno, kijana mno. Alikuwa sawasawa na Nyamizi. Nyamizi akashika mkono wa kiti. Mama akainua macho, akatazama mbele, akasema, "Mwanangu, jambo moja tu." Picha ikatikisika. "Jambo moja tu," akasema tena. "Jambo moja tu." Kisha uso ukavunjika vipande vya mraba, rangi zikakimbiliana, kioo kikawa cheusi, na maandishi madogo yakajitokeza kusema kwamba ndani ya deki hamna sidii.

Mihayo akaitoa, akaipangusa, akairudisha. Hamna sidii. Akaitoa tena, akaipangusa kwa nguvu zaidi, kwa kuzungusha, jasho likimtoka, mpaka Nyamizi akamshika kiwiko. Hemedi akaitwa, akaja na sidii ya nyimbo na deki mpya chini ya kwapa. Aliweka nyimbo katika deki ya zamani, ikaimba kama siku ile dukani. Aliweka sidii ya Kalunde katika deki mpya, ikatafuta, ikanyamaza. Akaipeleka dirishani, akaielekeza juani, akaigeuza. Mahali ambapo pangepaswa kung'aa kama maji palikuwa na ukungu, miduara juu ya miduara.

"Nani alikuwa akiisafisha, mzee?"

"Mimi. Kila wiki. Sikuacha hata wiki moja."

Hemedi akairudisha sidii katika ganda lake. "Haina uchafu, mzee wangu," akasema. "Haina kitu."

Akaondoka na deki yake. Nje wanawake walikuwa bado wakiimba. Mihayo akaketi sakafuni, akaanza kueleza: jinsi alivyoweka akiba, jinsi alivyokataa deki za jirani, jinsi alivyoificha sidii wakati wa mafuriko akaacha godoro lichukuliwe na maji, jinsi ambavyo mkono wa mtu mwingine haukuwahi kuigusa. Alitaka binti yake ajue kwamba hakuna mtu duniani ambaye angeitunza kuliko yeye. Na hayo yalikuwa kweli, na Nyamizi aliyasikiliza yote hadi mwisho, akiwa amesimama. Kisha akasema:

"Baba, miaka yote hiyo mimi nilikuwa humu humu ndani."

Hakusema kwa hasira. Heri angesema kwa hasira. Alifungua mlango, akaenda kwa shangazi yake kuvishwa.

Jioni watu walijaa chini ya turubai. Mshereheshaji hakuwa mtu wa mtaa ule. Alisoma ratiba yake kama ilivyo, akatangaza kwa furaha kwamba sasa ni nafasi ya mama mzazi. Kabula akafunika uso kwa kanga. Nyamizi, ambaye hakujua la kufanya, alifanya kile kinachofanywa na mabinti wote: akapiga magoti. Ndipo Mihayo aliposimama mahali pa mkewe. Alisogea mpaka mbele ya binti yake, akamwekea mkono kichwani, akafungua kinywa atoe neno lililoagizwa kwake kabla mtoto huyu hajajua kutembea. "Mwanangu," akasema, "jambo moja tu." Akangoja. Watu wakangoja. Nyamizi akainua macho, akamtazama baba yake kama mtu atazamaye mlango unaotaka kufunguka, na kwa kitambo kidogo aliamini, maskini, kwamba labda baba yake anajua. Baba hakujua. Alirudia yale maneno mara ya pili, akayarudia mara ya tatu, kisha watu wakamshika mkono wakamketisha, na mshereheshaji akaomba muziki.

Nyamizi alisafiri kesho yake. Amezaa watoto wawili huko aliko, na nimeambiwa kwamba ni mama mwema, ila kila anapotaka kuwaonya huanza na kusita, kama anayetafuta sentensi ambayo mtu mwingine alipaswa kuimaliza. Lile jambo moja lilikuwa lipi, hakuna ajuaye, wala hatapatikana wa kulijua.

Nanyi mnaonisikiliza, mliopewa neno ili mlifikishe kwa mtu: mtu huyo yuko chumba gani cha nyumba yenu, na amewangoja tangu lini?