Dada Aliyeandikwa Marehemu

Mtu mmoja aliachiwa nyumba na baba yake, yeye na ndugu zake wawili: mdogo wao wa kiume, na dada aliyeolewa mbali, safari ya siku mbili. Nyumba ya vyumba vinne, bati limeshika kutu, nyuma yake kaburi la mama yao. Huyu mkubwa akaitaka iwe yake peke yake. Kuna dhambi hapo? Hakuna! Nunua mafungu ya wenzako, andikishaneni, hati ibadilishwe jina, mambo yaishe. Mdogo wake akauza siku hiyo hiyo. Ikabaki sahihi ya dada.

Akampigia simu. Dada akasema, "Kaka, nipe muda. Mama amelala pale. Moyo wangu bado."

Miezi miwili ikapita, moyo wa dada bado, na wake yeye ukachemka. Huyu mwanamke ana mume, ana kwake, ananikalia kooni ya nini? Akaitisha kikao cha ukoo, akaandika muhtasari kwa mkono wake mwenyewe, na mbele ya jina la dada akaweka neno moja: marehemu. Wazee watano wakasaini. Mnasema hawakusoma? Wawili hawakusoma. Watatu walisoma, wakala pilau.

"Neno tu," alijiambia akienda ofisi ya ardhi. "Neno haliui mtu."

Karani alikuwa bado anapitia karatasi mlango ulipofunguliwa. Dada! Vumbi la safari miguuni, kitambulisho mkononi. Alikuwa amefikia nyumbani, na wifi yake, asiyejua lolote, akamwelekeza huku.

"Shikamoo kaka! Nimekuja mwenyewe," akasema, anacheka. "Nimefikiri. Wewe ndiye unayepalilia kaburi la mama. Chukua na fungu langu, sitaki kitu. Haya, nisaini wapi?"

Karani akamuuliza jina. Akalitaja. Karani akaigeuza ile karatasi, akaweka kidole chini ya lile neno. Dada akasoma. Akasoma tena, midomo ikitembea.

Kaka mtu akanyakua kalamu. "Makosa ya mwandishi hayo! Lete nikate, dakika moja tu!"

"Usikate," dada akasema. "Wewe ndiye uliyenifundisha kuandika jina langu. Mwandiko wako naujua. Nilikuja kukupa, lakini maiti haitoi kitu. Na marehemu hana kaka."

Akatoka. Karani akafunga faili. Yule bwana akabaki amesimama na kalamu, na hakuna pa kuandika.

Ndugu zangu, msinitazame mimi! Sisi hatushiki panga, sisi ni watu wa ibada. Sisi tunaua kwa kalamu, halafu tunaita utaratibu. Ndugu akichelewa kutujibu, tunamzika akiwa hai, na wazee wetu wanatia sahihi huku wanatafuna. Unataka fungu la nduguyo? Mwendee, mwombe, mlipe. Akikataa, amekataa, kaa na huko kukataa kwake! Ni gumu hilo? Ni gumu kuliko kumuua?

Kuna mtu humu ana ndugu mzima aliyekwisha kumwandika marehemu. Ibada ikiisha, usije kunipa mkono pale mlangoni. Kampe yeye, kama bado ataupokea.