Kofia Mpya ya Mafua

Hodi kwenye masikio yenu!

— Karibu, tumeyafagia!

Nina mgeni mdogo. Aingie?

— Mdogo kiasi gani?

Hata mkimtafuta hamumwoni.

— Basi aingie!

Mmekubali wenyewe. Tunu, weka chini hizo njugu, siwezi kushindana na meno yako.

Hapo kale alikuwepo Mafua. Mdogo, mdogo, mdogo. Hana damu, hana pumzi, hana kwao. Mali yake nguo nane tu, na ya kwanza ni kofia. Kazi yake ushonaji, lakini fundi mbovu: akishona kofia kumi, saba zinatoka kombo, wala haoni aibu. Shida yake moja. Akikosa mwili wa kulala, jua linamkausha, na habari yake imeisha.

Alikuwa amepanga tumboni mwa Bata wa ziwani, ambaye haumwi na kitu. Kwak, kwak, Bata anakula majani, anaruka nchi hata nchi. Siku moja akajisaidia kando ya ua wa Batamzinga, akaenda zake. Pu, pu, pu. Mafua akabaki chini, na jua linapanda.

Batamzinga alikuwa na kifua kipana na tamaa pana zaidi. Kuku mia tatu kawabana banda moja, bega kwa bega, ili kila yai liwe lake. Alichokosa ni nywele. Upara wake mwekundu ulimtia haya. Mlangoni alichora kofia ya Mafua aliyekuja mwaka uliopita, akaandika: Mwenye kofia hii haingii.

Hodi, hodi.

"Nani?"

"Mgeni."

"Kofia gani?"

"Nyekundu, ina miiba."

"Naijua. Toka." Gulugulu, teke.

Mafua akajikokota mpaka kwa jirani, Nguruwe, aliyelala matopeni. Akaingia puani, akashona upesi upesi, akakosea, akarudi.

Hodi, hodi.

"Nani?"

"Mgeni."

"Kofia gani?"

"Nyekundu, miiba imepinda."

"Ndugu yake yule. Toka." Gulugulu, teke.

Sasa jua lilikuwa utosini na Mafua ameanza kukauka pembeni. Akarudi puani mwa Nguruwe, akamkuta binamu yake, Mafua wa Nguruwe, amelala. Wakalala kitanda kimoja, nguo zao rundo moja. Walipoamka kulikuwa giza humo puani, wakavaa kwa kupapasa. Nani kavaa ya nani, mpaka leo hawajui.

Hodi, hodi.

"Nani?"

"Mgeni."

"Kofia gani?"

"Ya buluu, ina kishada."

Batamzinga akatazama mchoro, akatazama kofia. Hazifanani. Kisha akaukumbuka upara wake.

"Mgeni, kofia hiyo niachie mimi."

"Bwana mkubwa, mimi na kofia yangu hatuachani."

"Basi njoo nayo kichwani kwangu."

"Umesema karibu?"

"Nimesema karibu."

Mafua akapanda. Batamzinga akajitazama kwenye ndoo ya maji, akajipenda sana. Kisha akapiga chafya: chya.

Kuku wakasema, "Bwana, na sisi tunataka." Batamzinga akakataa, kofia ni yake peke yake. Lakini Mafua ni fundi. Mpaka jioni kuku mia tatu wamevalishwa. Chya, chya, chya, banda linatikisika. Mayai yakakoma. Kunguru akaja kuchungulia, akaondoka na kofia. Korongo akaipenda, akaondoka nayo. Mwaka haujaisha, kwenye nchi za barafu ndege wasioweza hata kuruka wamesimama mstari, chya, chya.

Batamzinga amelala chali. "Mgeni, utaondoka lini?"

"Nikimaliza kushona."

"Utamaliza lini?"

"Kila nikikaribia, nakosea."

Batamzinga akafa, akazikwa na upara wake. Yeye sikumlilia. Kuku ndio walioniuma, maana mgeni alipokaribishwa wao hawakuulizwa. Wachache waliopona wakatoboa ukuta, wakarudi kila mmoja kwao.

Fundisho, watoto: kuweni kama Mafua. Kateswa, kapigwa mateke, na bado kapiga hodi mara tatu. Nyie mnaingia jikoni kwangu bila hata kukohoa. Na mgeni akiwa na kofia nzuri, msimwulize maswali mengi.

Sasa natoka masikioni mwenu. Fungeni mlango.

— Tumefunga!

Mgeni wangu ametoka pia?

— Chya.

Nani huyo?

— Ni Tunu, bibi. Njugu zimempalia.

Tunu, hebu inamisha kichwa nione kama kina kofia.