Gunia la Bi Mize

Hadithi yangu haina sultani wala jini. Ina gunia la karafuu, na watu watatu walioaminiwa na kijiji kizima.

Wa kwanza, Time, alijaliwa pua. Ukimtilia konzi ya karafuu kiganjani, alinusa mara moja akakwambia kama imechanganywa na makonyo, vile vijiti vinavyotupwa karafuu ikichambuliwa. Walaghai waliyachanganya ili gunia lijae upesi.

Wa pili, Makame, alijaliwa mkono. Alichoma gunia kwa bambo, chuma chenye mfereji, akatoa karafuu za ndani bila kulipasua. Lakini alizoea kuchoma pembeni, na walaghai wakaficha makonyo katikati. Alipohamia katikati, nao wakahamia pembeni.

Wa tatu, Hidaya, alijaliwa akili ya kujiweka mahali pa mwizi.

"Kaka Makame," alisema, "unachokijua wewe, na wao watakijua kabla ya jioni. Tupige kura. Kura iseme gunia lipi, na lichomwe wapi. Usichokijua wewe mwenyewe, nani atakuchungulia akione?"

Ikakubaliwa kila muuzaji akaguliwe gunia moja kwa kura. Likikutwa na makonyo liteketezwe, na mwenyewe asiuze tena msimu huo. Hapakuwa na mzaha, kwani tajiri wa mjini alikwisha kuapa kwamba akikuta uchafu mara nyingine hatonunua hata punje kutoka kijiji kile.

Shaame alileta magunia kumi. Makonyo aliyatia katika mawili tu, maana na yeye alijua kupiga hesabu. Kura ikaangukia gunia safi, akapita anachekacheka.

Nyuma yake alisimama Bi Mize, mjane, na gunia lake moja. Kwake kura ilikuwa ya nini? Karafuu zake alizichambua peke yake, kwa macho yenye ukungu, apate kununua mabati kabla ya masika. Makame akachoma. Time akanusa, akainamisha kichwa. Pua yake iliyatambua makonyo. Nia ya aliyeyaacha haikuweza kuitambua. Gunia likatiwa moto mbele ya mwenyewe, na mimi kila nikisimulia hapa roho huniuma.

Wengine walipouona ule moshi walirudi nyumbani kuchambua upya. Tajiri akanunua karafuu zote, hata zile chafu za Shaame, zilizopotea katikati ya wingi.

Kijiji kikatoa mkarafuu mmoja uwe zawadi ya aliyekiokoa. Time akasema bila pua yake wasingejua kitu. Makame akasema pua isingefika ndani ya gunia bila mkono wake. Hidaya akawakumbusha kwamba kabla ya kura wote wawili walikuwa wakichezewa.

Bi Mize alikuwa amekaa nyuma kabisa.

"Wanangu," akasema, "mkishampata aliyeokoa karafuu zenu, mniambie. Ndiye huyohuyo aliyeunguza zangu?"

Masika yakaingia, na nyumba yake ikavuja.

Haya, wewe uliyekaa hapo pakavu: mkarafuu ungempa nani? Na huyo utakayempa, akikutana na Bi Mize njiani, amwambie nini?