Ngiri na Suti ya Posa

Paukwa!
Pakawa!
Sindano iko wapi?
Ipo!
Na uzi je?
Tunao!
Basi sogeeni motoni, tutunge.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakivaa nguo, alikuwako Ngiri mmoja kijana. Alimpenda Kidawa, binti wa ngiri wa ng'ambo ya mto, na wazee wa Kidawa wakamwita aende wamwone. Desturi yao ilikuwa hii: mchumba hukaribishwa chakula mara tatu. Akikataa mara ya tatu, posa imevunjika.

Ngiri akaenda kwa fundi Mnana, yule ndege afumaye kiota kwa mdomo.

"Fundi, nishonee suti. Nataka inikae."

Mnana akashuka, futi shingoni.

"Unatembeaje, bwana?"

"Hivi." Ngiri akatembea.

"Unakaaje?"

"Hivi." Ngiri akakaa.

"Na unakulaje?"

Hapo Ngiri akatupa jicho mlangoni. Maana ngiri hula amepiga magoti ya mbele, pua chini. Na pale mlangoni alikuwa Swala, mwembamba kama mwanzi, akingojea koti lake. Ni huyo huyo aliyepata kumcheka malishoni: "Tazameni, jamani! Ngiri anaziamkia nyasi shikamoo!"

"Nakula nimesimama," Ngiri akasema, akavuta tumbo ndani.

"Nisiache nafasi magotini?"

"Usiache. Nishonee kama ya Swala."

Msimcheke, wenzangu. Nani hapa hajawahi kuvuta tumbo mbele ya fundi?

Mnana akakata, akashona, akapiga pasi. Suti ikatoka nyeusi, imembana Ngiri kama ganda la muwa. Akavuka mto kwa hatua fupi fupi, akafika.

Chakula kikatengwa, viazi vitamu vya moto. Wazee wakapiga magoti. Wamama wakapiga magoti. Kidawa naye akapiga magoti. Ngiri peke yake akabaki wima kama nguzo.

"Karibu, mwanangu," akasema baba yake Kidawa.

"Ahsante, baba, nimeshiba."

Wakala kidogo.

"Karibu, mwanangu."

"Ahsante, baba, nimeshiba." Tumbo lake likanguruma hadi mbwa wa jirani akabweka.

Shangazi yake Kidawa akamfinya mwenziwe. "Huyu kaja kuposa au kaja kukagua? Anatuona sisi si kitu."

Kidawa akainamisha macho.

Baba akainua uso. "Karibu, mwanangu. Hii ni mara ya tatu."

Ngiri akaitazama suti. Akamtazama Kidawa. Akapiga magoti.

Pra! Goti la kulia. Pra! Goti la kushoto. Praaa! Koti likachanika mgongo mzima, nyuzi zikasimama juu.

"Ala!" akasema shangazi. "Kumbe ni mwenzetu!"

Wakacheka mpaka wakagaragara. Kidawa akamsogezea Ngiri kiazi kikubwa kuliko vyote.

"Nilidhani umetudharau."

"Niliogopa mtanicheka."

"Basi tumeshacheka. Kula."

Ngiri akala, na posa ikakubaliwa.

Kesho yake akarudi kwa Mnana. Swala alikuwa pale pale mlangoni.

"Fundi, nipime tena," akasema Ngiri, akapiga magoti mbele ya wote.

Mnana akapima, akatia viraka vinene magotini, akaacha nafasi mgongoni. Zile nyuzi hakuzikata. Kidawa alikuwa amezipenda. Swala hakucheka. Alikohoa tu, kisha akasema polepole, "Fundi, na mimi hapa kwapani... nikiruka, pananibana."

Ngiri akaoa amevaa suti ile. Ndiyo maana hadi leo ana sugu magotini na manyoya marefu mgongoni.

Wenzangu, fundi mwambie unavyokula, usimwambie unavyotaka uonekane ukila. Nguo inayokukaa ni ile inayokuruhusu kupiga goti kwa watu wako.

Na mkia, mbona akikimbia anausimamisha? Hilo kamuulizeni mwenyewe, mkimpata.

Hadithi yangu imefika pindoni. Mwenye mkasi na akate uzi.