Mkwaju wa Chunguni

Paukwa! Semeni "pakawa", na mwoga akae katikati.

Mwanamize alikimbia mvua akaingia pangoni, kumbe pango lina mwenyewe: zimwi, jino moja kama mchi wa kinu.

"Karibu, mjukuu. Mlo umefika."

"Mlo gani, babu?"

"Wewe! Lakini umekonda." Likampa mche wa mkwaju ndani ya chungu. "Nenda nao. Siku kivuli chake kitakaponitosha, nitakula. Ukikauka, nitakula vilevile."

Mwaka wa kwanza zimwi lilipokuja, Mwanamize alikuwa ameshapunguza matawi, kivuli kisikue. Mwaka wa saba alikata nusu ya mizizi. Mwaka wa ishirini mkwaju ukafika kifuani, akafumba macho akakata shina, khap! Kikabaki kisiki.

Siku tisa hakuna jani. Zimwi likakaa mlangoni, likikwaruza gome la kisiki kwa ukucha.

"Kimekauka, mjukuu?"

"Subira, babu," akajibu.

Siku ya kumi, chipukizi! Zimwi likaangua kilio. "Miaka ishirini nanusa tu! Kivuli hakikui? Basi nitapungua mimi!"

Likapungua, likapungua, likapungua, hadi likaenea chini ya kivuli cha chipukizi lile.

"Kimenitosha! Nakula!" likalia kwa sauti ya mbu.

Kuku wa Mwanamize, ambaye masharti hakuyasikia, akalidonoa, akalimeza.

Mkwaju upo hadi leo, kimo cha shubiri. Kuku naye yupo, ila siku hizi ananguruma, na mayai yake Mwanamize hayagusi, huyapeleka sokoni.

Hebu niambieni, wanangu: mayai ya jioni hii mlinunua kwa nani?