Jina la Mlango wa Maabara

Hapo zamani, wala si mbali, zamani ya juzi tu, palikuwa na mwalimu wa fizikia, Nyamizi. Kidato chake cha pili kilikariri kanuni zote na kufeli mitihani yote. Mkuu wa shule akamwambia wakifeli tena, somo linafutwa na yeye anahamishwa. Maskini, usingizi ukamruka.

Akamlilia Sihaba, mkutubi. Sihaba akapekua mtandaoni miezi mitatu akitafuta maswali ya kufundishia, akatupilia mbali yaliyojisifu tu, akabakiza yale ambayo watafiti waliyajaribu madarasani na kuyapima. Namna yake: wanafunzi wapigie jibu kura, wabishane na jirani, wapige kura tena, kisha waone kwa macho.

Nyamizi akakimbia nayo darasani. Swali la kwanza: jiwe lililosukumwa linateleza juu ya ziwa lililoganda barafu; kwa nini linaendelea kwenda? Wanafunzi, watoto wa nchi ya joto, wakawaza barafu za ukwaju. Ubishi haukuwaka, aibu ikamshika mwalimu.

Ndipo Kirobo, mwalimu wa Kiswahili aliyeikimbia fizikia tangu utotoni, akaketi kuyaandika upya maswali yote, mia moja na ishirini. Jiwe likawa sabuni kwenye sakafu ya bafu. Loo, darasa likawaka! Karibu wote wakashikilia kwamba sabuni huendelea kwa kuwa nguvu ya mkono bado imo ndani yake.

Sasa wataonaje kwa macho? Vigari na reli za majaribio vilifungiwa kabatini, vimetunzwa kwa ajili ya wakaguzi, mwanafunzi asiguse. Mzee Lubuva, mtunza maabara, aliyebakiza mwaka mmoja astaafu, akafungua bila kibali. Kigari kikasukumwa, kikaachiwa, kikaenda hadi mwisho wa reli bila mkono wa mtu, kwa mwendo uleule: ingekuwa nguvu bado imo ndani, kingezidi kasi. Kura zikageuka. Lubuva akapewa barua ya onyo.

Matokeo yakatoka: wamefeli wawili tu. Nyamizi akaketi ngazini, akavua viatu, akacheka huku machozi yanamtoka. Fizikia imebaki, naye amebaki.

Mkuu, mpole ghafla, akamwambia achague jina moja, la aliyeliokoa somo, liandikwe kwenye mlango wa maabara.

"Bila mimi mngebishana kuhusu nini?" akauliza Sihaba.

"Uliyaleta," akajibu Kirobo, "ila hayakuingia kichwani mwa mtu mpaka nilipoyaandika mimi."

Mzee Lubuva akakohoa. "Nyinyi mlitoa jasho. Mimi niliweka rehani kiinua mgongo changu."

Nyamizi kashika brashi, rangi inamdondokea vidoleni. Haya, nanyi mnaocheka hapo: nyoosheni mikono, bishaneni na jirani, kisha nyoosheni tena. Je, nani alistahili?